Shahidi Mmoja Hatoshi Maabarani

Si jambo geni kwa mkaazi yeyote wa kisiwa cha Mombasa kwamba Mwembe Tayari, kwa soko lake na kwa mabasi yake yaendayo bara na yarudiyo, ni mlango mmojawapo wa chakula cha mji huu. Na kwamba mnunuzi wa hapo, awe ni mama wa Majengo atafutaye kibaba cha maharagwe au mwenye mkahawa atafutaye gunia zima la mahindi, hutegemea jicho lake, na pua yake, na kiganja anachokitumbukiza ndani ya gunia ili ajue kama nafaka imeshika unyevu. Elimu hiyo ni ya kale na ina heshima yake. Walakini ipo sumu isiyokubali kujulikana kwa njia hizo, nayo ni sumu ya kuvu, ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini, ambayo kwa kipimo kinachodhuru haina rangi wala harufu wala ladha, na ambayo moto wa kusongea ugali hautoshi kuiharibu.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliripotiwa kuugua, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo. Mwezi wa Novemba 2019 shirika la kusimamia ubora wa bidhaa nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa unga wa mahindi wa majina matano kwa sababu iyo hiyo. Na tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie Kenya, malori yakalala foleni mipakani, maneno yakawa mengi, na baada ya siku chache tu, tarehe 10 ya mwezi ule ule, marufuku ikaondolewa na mahala pake pakawekwa masharti, mojawapo likiwa ni cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni. Sikusudii kuufufua ugomvi ule, ambao ulikuwa na siasa ndani yake na biashara pia. Ninalolikusudia ni kuuliza swali ambalo katika zogo lile sikulisikia likiulizwa hadharani: cheti kile huandikwa kwa ushahidi wa nani?

Jawabu ni kwamba, katika maabara nyingi, huandikwa kwa ushahidi wa chombo kimoja kinachokaa mwishoni mwa mrija mmoja. Na rai yangu, ambayo nitajaribu kuieleza kwa kadiri gazeti linavyoruhusu, ni kwamba ushahidi huo, hata ukiwa wa kweli, ni pungufu. Kwamba elimu ya kuziunganisha ishara za vyombo kadhaa kwa hesabu za takwimu imekwisha kukomaa kwa muda wa nusu karne. Na kwamba maabara za pwani yetu, ambapo shehena za nchi saba au nane hupita, hazina udhuru wa kuendelea kuiona elimu hiyo kuwa ni anasa ya wenzetu wa ng'ambo.

Asili ya jambo lenyewe ni nyepesi kufahamika. Mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tswett, alieleza mjini Warsaw mwaka 1903 namna alivyozimimina rangi alizozikamua katika majani mabichi juu ya mrija uliojazwa unga wa chaki, zikateremka kila moja kwa mwendo wake, na mwishowe zikatengana tabaka kwa tabaka, kijani hapa na manjano pale. Na kwa kuwa alichokiona kilikuwa ni rangi, akaiita njia hiyo kromatografia. Mrija wa leo ni wa chuma cha pua, au ni uzi wa kioo wenye urefu wa makumi ya mita uliozungushwa kama kamba, na vitu vinavyotenganishwa humo aghalabu havina rangi ya kuonekana. Kwa hiyo jicho la Tswett limebadilishwa kwa kigunduzi, na kigunduzi hakisemi kwamba hii ni sumu fulani au haya ni mafuta fulani. Husema tu kwamba dakika hii kimepita kitu chenye sifa niijuayo mimi, kisha huchora kilele juu ya karatasi. Jina la kitu hicho hutolewa na binadamu, kwa kulinganisha dakika ya kilele na dakika ya kitu kingine kinachojulikana.

Hapa ndipo penye mzizi wa matata, kwa sababu kila kigunduzi kina upofu wake. Kile cha mwanga wa urujuanimno huona vinavyounyonya mwanga huo, na visivyounyonya hupita mbele yake bila ya kutambuliwa. Kile cha mwali wa haidrojeni, ambacho kilibuniwa takriban wakati mmoja huko Australia na huko Pretoria, alikokuwa mkemia Pretorius na wenzake, katika miaka ya 1957 na 1958, huvichoma vitu na kuihesabu kaboni yake, lakini maji hayaoni kabisa. Kile alichokibuni Mwingereza James Lovelock mwaka 1957 ni kikali mno kwa dawa za wadudu zenye klorini, na ndicho kilichowafumbua watu macho wakajua kwamba DDT imeenea duniani, lakini kwa vitu vingine vingi ni kama kiziwi. Na ile spektromita ya tungamo, ambayo huvunja molekuli vipande vipande na kuvipima uzito, ndiyo iliyo mpelelezi kuliko vyote, nayo pia hubabaika pale vitu viwili vyenye uzito mmoja na vipande vinavyofanana vinapotoka pamoja.

Tuirejelee sumu ya mahindi. Aflatoksini zinazotafutwa katika nafaka ni nne, na majina yake yametokana na mng'ao wake chini ya mwanga wa urujuanimno: mbili zina mng'ao wa buluu, nazo ni B1 na B2, na mbili zina mng'ao wa kijani, nazo ni G1 na G2. Iliyo mbaya kuliko zote ni B1, ambayo huliharibu ini na kulisababishia saratani, na kwa ajili hiyo kanuni zetu zimeiwekea mpaka wake peke yake, sehemu 5 katika bilioni. Sasa tazama ajabu ya maumbile: ndani ya mchanganyiko wa maji unaopita katika mashine, B1 na G1 hupoteza sehemu kubwa ya mng'ao wake, ilhali B2 na G2 huendelea kung'aa. Maana yake ni kwamba kigunduzi cha mng'ao, kikiachwa kama kilivyo, kitapiga kelele juu ya asiyekuwa mkubwa wa maovu na kumnong'onea yule aliye mkubwa wao. Wataalamu wanalijua hilo tangu zamani, na huitibu B1 kwa iodini, au kwa bromini, au kwa mwanga, kabla ya kuipitisha mbele ya kigunduzi. Kwa hiyo silisemi kwa kuwatia ila. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwamba ukweli wa kigunduzi kimoja ni ukweli uliokwisha kutengenezwa ili usikike. Na fauka ya hayo, mahindi hayo hayo yanaweza kuwa na sumu ya kuvu wa jamii nyingine, fumonisini, ambayo ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na ambayo kwa asili yake hainyonyi mwanga huo kwa kiasi cha maana wala haing'ai. Basi shehena itapewa cheti cha usafi kwa dhambi moja ilhali imebeba nyingine, na kila aliyeutia cheti hicho mhuri atakuwa hakusema uwongo.

Mfano wa pili nautoa Pemba, kwa kuwa ni mfano wenye faida zaidi na haukutiwa chumvi ya siasa. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kiko kiwanda kinachotoa mafuta katika makonyo ya karafuu, yaani vile vijiti vinavyobaki baada ya matumba kuchambuliwa. Mafuta ya makonyo ni bidhaa halali yenye soko lake. Lakini mafuta ya matumba yenyewe ni ghali zaidi, na pale penye bidhaa mbili zinazofanana na bei mbili zilizo mbalimbali, hapakosi mtu wa kutaka kuyauza ya rahisi kwa jina la yaliyo ghali. Ukipima mafuta hayo kwa kukitazama kilele kimoja tu, kilele cha eujenoli, ambacho aghalabu huzidi robo tatu ya mafuta yote, hutaugundua ulaghai; bali utapotoka zaidi, kwa kuwa makonyo kwa kawaida yana eujenoli nyingi kuliko matumba, na yule mwenye kughushi ndiye atakayeonekana kuwa na mali safi. Tofauti iko katika vitu vidogo: asetati ya eujenili, ambayo matumba huwa nayo kwa kiasi cha kuonekana na makonyo kidogo mno, kariofilini, na nyinginezo zilizojificha chini ya vilele vya jirani zake. Ili kuziona kwa yakini inafaa mkondo utokao katika mrija ugawanywe mara mbili, nusu iende kwenye mwali ambao huhesabu vizuri, na nusu iende kwenye spektromita ambayo hutambua vizuri. Kisha maneno ya vyombo hivyo viwili yasomwe kwa pamoja, si kila kimoja katika karatasi yake na siku yake.

Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa sana kwa nini. Kadhi hahukumu kwa shahidi mmoja pale sheria inapotaka wawili, na hata wakija wawili hawapokei kabla ya kuuliza tabia zao na uadilifu wao; humuuliza mmoja alikuwa amesimama wapi, na mwingine alikuwa na nuru gani ya kuonea; na akidhihirikiwa kwamba wote wawili hawakuona ila waliambiwa na mtu mmoja aliyewatangulia, huwahesabu kuwa ni shahidi mmoja mwenye midomo miwili. Takwimu, katika jambo hili letu, ndiyo kadhi. Kazi yake ya kwanza ni kuwasafisha mashahidi, ya pili ni kuwafanya wazungumzie tukio moja, na ya tatu ni kupima ni kiasi gani ushahidi wa mmoja umeongeza juu ya ule wa mwenziwe.

Hiyo ya kuwafanya wazungumzie tukio moja ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Vigunduzi vilivyofuatana katika bomba moja huona kitu kile kile kwa nyakati mbalimbali, kwa sekunde chache za safari ya kutoka kimoja hata kingine, na kilele kilichokuwa chembamba kwa wa kwanza hufika kwa wa pili kikiwa kimetanuka. Isitoshe, mrija huchakaa. Joto la chumba hubadilika, na anayejua Februari ya Mombasa na umeme wake hahitaji maelezo. Na kilele kilichotoka dakika ya kumi mwezi uliopita hutoka leo kabla ya hapo. Bila ya kuzilinganisha nyakati hizo kwanza, hesabu zote zinazofuata ni upuuzi uliovishwa nguo nzuri. Wataalamu wa Denmark walitoa mwaka 1998 njia ya kuuvuta na kuubana mstari wa wakati, kipande kwa kipande, hata michoro miwili ikaafikiana kadiri inavyowezekana, na njia hiyo na ndugu zake zinatumika hadi leo.

Kisha kuna suala la sauti. Chombo kimoja hutoa tarakimu za mamilioni na kingine hutoa tarakimu za mamoja, si kwa sababu cha kwanza kimeona zaidi, bali kwa sababu ndivyo kilivyoundwa; na ukiziunganisha tarakimu hizo kama zilivyo, mwenye sauti kubwa atamfunika mwenziwe asisikike. Dawa ya kawaida ni kuipunguza kila tarakimu kwa wastani wake na kuigawanya kwa mtawanyiko wake, ili wote wazungumze kwa sauti moja. Dawa hiyo ina sumu yake: zile sehemu tupu za mchoro, baina ya kilele na kilele, ambamo hamna kitu ila mtetemo wa umeme, nazo hupandishwa daraja zikawa sawa na vilele vya kweli. Mchambuzi asiye na hadhari huanza hapo kusikia maneno ndani ya kelele.

Vizingiti hivyo viwili vikishavukwa, ndipo hesabu yenyewe inapoingia. Karl Pearson wa London alionyesha mwaka 1901, na Harold Hotelling wa Marekani akaendeleza mwaka 1933, namna ya kuichukua jedwali yenye safu nyingi zinazopanda na kushuka pamoja, na kutafuta ndani yake mihimili michache inayobeba karibu habari yote. Hata sampuli iliyokuwa na tarakimu elfu kadhaa ikawa ni nukta moja juu ya karatasi, karibu na wenziwe au mbali nao. Na aliyetufundisha kuupima ukaribu huo kwa insafu ni mtu wa bahari yetu hii ya Hindi, Prasanta Chandra Mahalanobis, aliyeanzisha Taasisi ya Takwimu ya India mjini Calcutta mwaka 1931, na ambaye mwaka 1936 alitoa kipimo cha umbali kilichotokana na kazi yake ya kupima maumbile ya watu. Mtu mrefu mwenye uzito mkubwa si wa ajabu, wala mfupi mwenye uzito mdogo si wa ajabu; lakini mrefu mno ambaye uzito wake ni wa mfupi ni wa ajabu, ijapokuwa urefu wake peke yake umo ndani ya mpaka na uzito wake peke yake umo pia. Kipimo cha Mahalanobis huuona ugeni huo ambao kipimo cha tarakimu moja moja hakiuoni. Yaweke hayo juu ya mafuta ya karafuu: eujenoli yake iko ndani ya mpaka, asetati iko ndani ya mpaka, na kariofilini kadhalika, ila tu namna zilivyokutana haijapata kukutana hivyo katika mafuta yoyote yaliyotoka katika mti. Mapema katika miaka ya 1970 Svante Wold wa Uswidi na Bruce Kowalski wa Marekani waliikusanya elimu hii ya hesabu katika kemia na kuipa jina lake, kemometria.

Katika kuunganisha kwenyewe, watu wana mapito matatu. Kuna wanaozifunga ishara ghafi za vigunduzi vyote katika mstari mmoja mrefu. Kuna wanaotoa kwanza katika kila kigunduzi mambo machache yaliyo muhimu, ndipo wayaunganishe. Na kuna wanaomwacha kila mmoja atoe hukumu yake, kisha huzipigia kura hukumu. Mimi nafsi yangu naliona pito la kati kuwa ndilo lifaalo zaidi kwa maabara zetu, kwa kuwa la kwanza hudai sampuli nyingi tusizokuwa nazo, na la tatu huipoteza ile faida ya kuona namna mambo yanavyokutana, ambayo ndiyo iliyotufanya tuanze safari.

Faida kubwa ya yote haya si kupata tarakimu iliyo sahihi zaidi ya sumu tuijuayo. Ni kumtambua mgeni ambaye hatumjui jina. Mwaka 2003 Wafaransa waligundua rangi ya viwandani iitwayo Sudan I ndani ya pilipili ya unga, na Februari 2005 Waingereza wakalazimika kuziondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 zilizotiwa mchuzi wenye pilipili hiyo. Na pilipili hiyo ilikuwa imepita katika vituo vya ukaguzi vyenye mashine nzuri, ambazo hazikuiona kwa kuwa hakuna aliyeziambia ziitafute. Maabara iliyozoea kuuliza "je, shehena hii inafanana na wenziwe?" ina matumaini ya kushtuka mapema kuliko ile iliyozoea kuuliza tu "je, ina kitu hiki nilichoamriwa kukitafuta?"

Sitaki msomaji adhani kwamba nauza dawa ya kila maradhi. Ukiwa na sampuli thelathini na tarakimu elfu tano kwa kila sampuli, hesabu itakupatia tofauti yoyote uitakayo, hata tofauti baina ya sampuli zilizopimwa Jumatatu na zilizopimwa Alhamisi. Na kinga ya pekee ni kuziweka kando sampuli ambazo hesabu haijapata kuziona, na kuitahini kwazo kwa uaminifu, bila ya kurudi nyuma kurekebisha mpaka matokeo yapendeze. Kigunduzi cha pili kinachoitazama sifa ile ile aitazamayo wa kwanza hakiongezi kitu ila gharama. Na juu ya yote, hakuna hesabu iwezayo kuisahihisha sampuli mbovu. Sumu ya kuvu haienei ndani ya lori kama chumvi ndani ya mchuzi. Hukaa katika punje chache zilizooza sana, kiasi kwamba kikombe kilichochotwa juu ya gunia moja kinaweza kuwa safi kabisa na cha gunia la pili kikawa ni mauti. Kanuni za Ulaya huitaka shehena ya nafaka inayozidi tani 50 ichotwe mara 100, katika sehemu mbalimbali, hata zipatikane kilo 10 za kusagwa na kuchanganywa. Mkaguzi anayechota mara mbili tatu kisha akaipeleka sampuli yake kwenye vigunduzi vinne amejidanganya kwa gharama kubwa.

Niruhusiwe neno la pembeni. Tangu miaka ya 1960 wapo wataalamu wanaougawa mkondo wa mashine ya gesi na kuupitisha upande mmoja kwenye pua ya mtu aliyeketi hapo kunusa, akaandika kila harufu na dakika yake, na pua hiyo huhesabiwa kuwa ni kigunduzi kamili, kwa kuwa harufu nyingine huonekana na pua na hazionekani na chombo chochote. Mji wa Kale una watu waliokulia katika udi na halud na waridi, ambao pua zao zimefunzwa tangu utotoni, na sijasikia kwamba chuo chochote kimewaita kuketi mbele ya mashine.

Najua nitajibiwa kwamba nchi ni maskini na mashine ni ghali. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mashine mpya ni ghali, naam. Lakini KEBS ina maabara yake hapa Mombasa, Mkemia wa Serikali ana tawi lake, wakaguzi wa afya ya mimea wako bandarini, na taasisi ya utafiti wa bahari iko Mkomani ng'ambo ya mkono wa bahari. Na mashine nyingi za namna hii hununuliwa zikiwa na vigunduzi viwili, kisha kimoja hufanya kazi na kingine hukaa bure. Programu za hesabu zenyewe ni bure kabisa: R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, haidai hata senti moja, na kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi huimudu. Tunachokikosa ni watu waliofunzwa kemia na takwimu kwa pamoja, kwani vyuo vyetu huzifundisha elimu hizi mbili katika majengo mawili na wanafunzi wake hawaonani; na tunakosa hazina ya sampuli za kweli, yaani karafuu ambayo tunajua ilichumwa shamba gani, mahindi ambayo tunajua yalivunwa mvua ipi, mafuta ambayo tunajua yalitoka tangi lipi, ili kila kinachotiliwa shaka kiwe na cha kulinganishwa nacho. Mafuta machafu yanapomwagika Kilindini, kama yalivyomwagika mwaka 2005 kutoka meli ya Ratna Shalini, hazina ya namna hiyo ndiyo humwezesha mtu kusema ni ya nani pale mwenyewe anapokana.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilitokana na ile taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyofunguliwa mwaka 1951 ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi wa kisasa. Kazi hii ninayoieleza inakistahiki chuo hicho kuliko chuo kingine chochote nchini, kwa kuwa bandari iko mlangoni mwake na soko liko nyuma ya nyumba. Ningependa kuona maabara hizo za serikali zikikubaliana nacho kwa mkataba wa wazi: zitoe sampuli zake baada ya kesi kwisha, na michoro ya vigunduzi vyote badala ya tarakimu moja ya mwisho, nacho kitoe wanafunzi wake na hesabu zao, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza mahali ambapo mfanyabiashara na mwanasheria wake waweza kuyasoma. Ningependa pia cheti cha shehena kiandikwe vigunduzi vilivyotumika, idadi ya mara ambazo shehena ilichotwa, na kiasi cha shaka kilichobaki. Na afisa atakayeona haya kuandika shaka yake asipewe mhuri.

Na wewe msomaji, siku unga wa nyumbani kwako utakapopigwa marufuku tena, au utakapotangazwa kuwa ni salama, usiridhike na jina la shirika lililotoa tangazo. Muulize mwakilishi wako katika bunge la kaunti, na mwandishi wa habari aliyeileta habari hiyo, sampuli zilichotwa vipi, zilisomwa na vyombo gani, na vyombo hivyo viliafikiana kwa kiasi gani. Na usipojibiwa, uliza tena kwa maandishi.